Mwanangu anataka kenge: nichague yupi?

"Daktari, habari za kazi. Sisi ni wenyeji wa Tanga, ila kwa sasa tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka 13 ameshikilia kwamba anataka kufuga kenge. Mwanzoni nilidhani ni mzaha, maana kwetu kenge ni mwizi wa mayai na anafukuzwa kwa mawe. Lakini kijana amesoma, ameangalia video nyingi na ameweka akiba yake. Tulikwenda kwenye maonyesho ya reptilia, na muuzaji mmoja akatuonyesha kenge mdogo wa savana kwa dola 50, amelala kwenye kiganja, katulia kabisa. Akasema huyo ndiye mwepesi kwa anayeanza, na tukimweka kwenye kizimba kidogo hatakua sana. Meza ya pili walikuwa na kenge wadogo wa Australia wanaoitwa ackie, kwa dola 400. Mume wangu anasema kama lazima iwe kenge, basi awe wa kwetu, tena tukienda likizo tumlete mmoja. Tumepanga nyumba ghorofa ya pili, na tuna binti wa miaka minne. Tuchague yupi?"

Nzuri, dada, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa. Wengi wanaoingia kliniki kwangu wakiwa na kenge ndani ya sanduku walishanunua miezi mingi nyuma, na tunachozungumza siku hiyo si uchaguzi tena, ni matibabu.

Nikujibu moja kwa moja, maelezo yafuate. Kati ya wale mliowaona, anayefaa kwa familia inayoanza ni ackie, mradi awe amezaliwa mikononi mwa mfugaji. Yule wa dola 50 muacheni alipo. Wa kutoka Tanga msimguse. Na hata huyo ackie, kwa hali ya nyumba yenu ya leo, nisingemnunua mwaka huu. Sababu kubwa ni binti yako wa miaka minne, nami nitamrudia.

Nianze na ule utulivu kiganjani, kwa sababu ndio uliowavutia. Kenge hana tanuri ndani ya mwili kama sisi. Joto lake linatokana na mahali alipo, na kila kitu mwilini mwake kinafuata joto hilo: misuli, mmeng'enyo wa chakula, kinga, hata wepesi wa akili. Kenge mwenye afya akiwa macho mchana, mwili wake huwa kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi. Ukumbi wa maonyesho una nyuzi 21 au 22. Kifaranga aliyekaa humo tangu asubuhi ndani ya kikopo cha plastiki, pengine hajanywa maji tangu jana, hana nguvu za kukimbia wala kuuma. Huo si upole. Mpelekeni nyumbani, mpasheni joto inavyostahili, na baada ya siku chache atavimba shingo, atafoka, atapiga mkia na kujificha kila mtu anapopita. Wazazi hunipigia simu wakidhani mnyama ameharibika. Hajaharibika, amepata uzima tu na sasa anajihami kama kifaranga yeyote wa mwituni.

Kuhusu kizimba kidogo kumzuia asikue, naomba neno hilo lifutike kabisa nyumbani kwenu. Mnyama anakua kwa kadiri anavyokula na kwa urithi wake. Kuta hazimpunguzi. Kinachotokea kwenye kizimba kidogo ni kwamba hana pa kukimbilia joto likizidi na hana pa kutembea, basi misuli inalegea na mafuta yanajaa. Akibaki mdogo, ni kwa ugonjwa.

Sasa huyu kenge wa savana mwenyewe, Varanus exanthematicus. Jina la savana linawafanya wengi waamini ni wa kwetu, lakini wanaofika Marekani karibu wote hutoka Afrika Magharibi, hasa Ghana, Togo na Benin. Vifaranga hufukuliwa ardhini, au huanguliwa kwa mayai ya majike waliokamatwa porini, kisha husafirishwa kwa wingi. Ndiyo maana bei ni ndogo: hakuna mtu aliyewalea wazazi wao miaka mingi. Kuwazalisha kwenye ufugaji kumewashinda wengi, na hilo peke yake lingetosha kutuonyesha kwamba mahitaji yake si mepesi kama anavyosema muuzaji.

Akikomaa anafika sentimita 90 hadi 120, mwili mnene, makucha ya kuchimba. Na kuchimba ndiyo maisha yake. Porini hukwepa ukavu na jua kali kwa kukaa shimoni, ambako hewa ina unyevu hata wakati nyasi za juu zimekauka. Hapo ndipo tatizo la majumbani linapoanza. Reptilia hatoi uchafu wa damu kwa mkojo mwingi kama sisi. Anautoa kama asidi ya yuriki, ule uchafu mweupe unaouona kwenye kinyesi cha mjusi. Akikosa maji mwilini, asidi hiyo inaganda kuwa fuwele, inajaa kwenye figo na kwenye viungo, na mnyama anapata jongo kama mzee. Vidole vinavimba, hataki kutembea, halafu anaacha kula. Nikimwona amefika hapo, mara nyingi figo zimekwisha. Fikiria majira yenu ya baridi huko Ohio, hita ikiwaka usiku na mchana, hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na juu ya kizimba kuna wavu unaoachia unyevu wote utoke. Kenge huyo anakauka taratibu mbele ya macho ya watu wanaompenda.

Cha pili ni chakula. Video nyingi zinamwonyesha akimeza panya mmoja baada ya mwingine. Watafiti waliowafuatilia vifaranga wa kenge huyu kwenye mashamba ya Ghana walikuta wanaishi hasa kwa wadudu na jamaa zao, nyenje wakubwa wakiwa mbele, na nge pia wamo. Wakubwa huongeza jongoo na konokono. Ukimlisha panya kila siku, ini linajaa mafuta na tumbo linaburuza. Watu husema amenona. Mimi nikipapasa tumbo hilo nakuta mabonge ya mafuta pande zote mbili.

Ili kumweka vizuri anahitaji kizimba cha mita 2.4 kwa 1.2, chenye udongo wa kuchimbika wenye kina cha sentimita 60 hivi. Piga hesabu na kijana wako: ni kama mita za ujazo 1.7 za udongo, na udongo wenye unyevu ni mzito, mtakuwa mmeweka zaidi ya tani mbili kwenye sakafu ya mwenye nyumba, ghorofa ya pili. Hiyo ndiyo bei halisi ya mnyama wa dola 50. Wapo wauzaji waaminifu ambao wangekwambia hivi bila kuulizwa, lakini kwenye msafara wa mamba na kenge wamo.

Nakuja kwa mume wako, na nauelewa moyo wake. Wa kwetu wako wawili ambao watu wengi huwachanganya. Wa kwanza ni kenge wa majini, Varanus niloticus, yule unayemwona kando ya mto akitumbukia majini ukikaribia, mwenye madoa ya njano akiwa mdogo. Ni mwogeleaji hodari, hula kaa, samaki, ndege na mayai, hata mayai ya mamba akipata nafasi. Anaweza kuzidi mita moja na nusu, wengine hukaribia mita mbili. Sijamwona nyumba ya kawaida inayomtosha. Huko Florida watu walinunua vifaranga wazuri wa madoadoa, wakaona wanakua na kuwa wakali, wakawaachia mitaroni. Leo wanazaliana kwenye mifereji ya Cape Coral na wanasumbua ndege na wanyama wa huko, hadi mwaka 2021 jimbo likawaingiza kwenye orodha ya wanyama waliopigwa marufuku.

Wa pili ni kenge wa nchi kavu, Varanus albigularis, mzito, kichwa kipana, anayepanda miti na kulala kwenye mashimo. Wale wenye koo jeusi ambao wafugaji wa Marekani wanawatamani sana asili yao ni Tanzania. Nitakuwa mkweli: kati ya kenge wakubwa, huyu ana sifa ya kuzoea watu vizuri kuliko wengi, na nimewaona waliomjua anayewafuga. Lakini naye anafika mita moja na nusu, wengine zaidi. Anahitaji chumba kizima chenye joto lake na unyevu wake. Aliyefuga ackie miaka mitano akafanikiwa, na ana nyumba yake mwenyewe, anaweza kuzungumza habari ya huyu. Ninyi bado.

Suala la kumleta kutoka likizo halina mjadala. Kenge wote duniani wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Wengi wako Jedwali la Pili, ambalo linataka kibali cha nchi anakotoka mnyama, na wachache, akiwemo yule mkubwa wa Komodo, wako Jedwali la Kwanza lenye masharti makali zaidi. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Na sheria ya Marekani inayoitwa Lacey, ya tangu mwaka 1900, inamhesabia kosa mtu anayeingiza mnyama aliyechukuliwa kinyume cha sheria za nchi nyingine. Kwa hiyo mtakuwa mmevunja sheria pande zote mbili za bahari. Wasomaji wa nyumbani nao wasidhani haiwahusu: kumkamata kenge kichakani na kumfuga bila kibali ni kosa Tanzania, na ni kosa Kenya chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kijana akija likizo, mpelekeni ukingo wa mto Pangani akawatazame bila kuwagusa. Atajifunza mengi kuliko kwenye kizimba.

Sasa ackie. Huyu ni Varanus acanthurus wa kaskazini mwa Australia, nchi ya miamba na joto, ambako hujibana kwenye nyufa za mawe na kujikinga kwa mkia wake wenye miiba. Akikomaa anafika sentimita 60 hadi 70, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia. Uzito wake haufiki hata nusu kilo. Ana akili yote ya kenge: anakufuata kwa macho, ulimi wenye ncha mbili unanusa kila kitu, anachimba na kupanda kutwa nzima. Mwanao hatanyimwa chochote kwa sababu ya udogo wake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe na imani naye. Australia hairuhusu wanyamapori wake hai kusafirishwa nje kwa biashara, kwa hiyo ackie wa Marekani na Ulaya ni uzao wa wafugaji, vizazi kwa vizazi. Muulize muuzaji amemwangua lini, wazazi wako wapi, anakula nini na kwenye joto gani. Mfugaji wa kweli atajibu bila kusita na mara nyingi atakuonyesha wazazi. Mchague anayetembea, macho yaliyojaa, mkia mnene shinani, anayekula mbele yako. Dola 400 si pesa ndogo, lakini humo kuna kazi ambayo tayari imefanywa.

Mahitaji yake nayo si ya mchezo. Kizimba cha sentimita 120 kwa 60 ndicho cha chini kabisa kwa mmoja, na mimi ningejenga cha sentimita 180 kama nafasi ipo. Kiwe cha mbao zilizopakwa rangi ya kuzuia maji, kimefunikwa juu, si cha wavu. Chini kuwe na mchanganyiko wa udongo na mchanga wenye unyevu kidogo, kina cha sentimita 30 au zaidi. Ukiukamata mkononi ushikane bila kutiririsha maji, na tundu analochimba lisibomoke. Udongo huo peke yake, hata kwenye kile kizimba kidogo, unapita kilo 300. Kwa hiyo hata kwa ackie, zungumza na mwenye nyumba, na kama mna mpango wa kuhamia nyumba ya chini, subirini hadi hapo. Muulize pia kama mkataba unaruhusu reptilia, na uulize mji wenu una masharti gani, kwa sababu sheria za wanyama Marekani hubadilika kutoka mji hadi mji.

Joto ndilo linalowashangaza watu. Pale anapoota joto, uso wa jiwe unatakiwa ufike nyuzi 55 hadi 65. Ndiyo, ukiliwekea kiganja utakiondoa. Mwamba wa Australia mchana unafika huko, na yeye hakai hapo muda mrefu: anapanda, anajipasha dakika chache, anaondoka kwenda kuwinda. Upande wa pili wa kizimba uwe nyuzi 25 hadi 28, ili achague mwenyewe. Usitumie taa moja kali inayochoma mgongo huku kichwa na mkia vikibaki baridi. Taa mbili au tatu za nguvu ndogo zilizopangwa karibu-karibu humpasha mwili mzima sawasawa. Pima kwa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, usikisie kwa mkono.

Kando ya joto kuna mwanga. Ngozi ya mjusi ikipata UVB, mionzi isiyoonekana iliyomo kwenye mwanga wa jua, inatengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo utumbo haunyonyi kalsiamu hata ukimlisha sahani nzima. Damu ikikosa kalsiamu inaichukua kwenye mifupa. Taya linakuwa laini kama mpira, vidole vinatetemeka, mgongo unapinda. Taa ya UVB ibadilishwe karibu kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa maana mionzi huisha kabla ya mwanga unaoonekana. Chakula kiwe wadudu: nyenje, mende wanaofugwa kwa kazi hiyo, nzige wakipatikana, wamepakwa unga wa kalsiamu, na wao wenyewe wamelishwa mboga siku moja kabla. Panya mdogo ni kitoweo cha nadra.

Akiwa jike, mjue anaweza kutaga hata bila dume. Asipopata udongo wa joto na unyevu unaomridhisha, atayashikilia mayai tumboni na anaweza kufa nayo. Hii ndiyo sababu sikubali kizimba cha magazeti au mkeka wa plastiki, hata kikionekana kisafi.

Mwanao pengine amekwisha kusoma kwamba kenge wana sumu. Ni kweli kwamba watafiti walitangaza mwaka 2006 kuwa wamekuta tezi za sumu kwenye mataya ya kenge. Kwa ackie, anayeng'atwa kidole atatoka damu, atavimba kidogo, ataosha kwa sabuni na maisha yataendelea. Hilo halinikoseshi usingizi.

Kinachonikosesha usingizi ni salmonela. Reptilia mwenye afya kabisa anaweza kubeba bakteria hao utumboni, na hakuna kipimo kimoja kitakachokuhakikishia kwamba hanao. Mtu mzima hupata tumbo la kuhara na kupona. Mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee au mgonjwa mwenye kinga dhaifu anaweza kulazwa hospitali, na mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyumba yenye mtoto wa umri huo isiwe na reptilia. Hahitaji hata kumgusa kenge. Anashika mlango wa kizimba, au kaka yake anasuuza bakuli la maji kwenye sinki la jikoni, mkono unaenda mdomoni. Binti yako ana miaka minne, anagusa kila kitu. Ndiyo maana nasema si mwaka huu.

Kijana atanuna, najua. Mpe kazi. Mwaka mmoja ni muda mzuri wa kujenga kizimba, kukijaza udongo na kuwasha taa zake kwa mwezi mzima bila mnyama ndani, akiandika joto na unyevu kila siku asubuhi na jioni. Afuge mende au nyenje kwenye chombo chenye mfuniko gereji au varandani, aone kama ataweza kuwalisha wiki baada ya wiki. Akishindwa na wadudu, tumejua mapema. Akiweza, atampokea ackie akiwa tayari kuliko watu wazima wengi ninaowatibu wanyama wao. Lakini ninyi wazazi mjue jambo moja: ackie huishi miaka 15 au zaidi akitunzwa vizuri. Kijana wa miaka 13 atakwenda chuo katikati ya safari hiyo, na kenge atabaki na mama. Kama wewe mwenyewe hupendi kushika mende wa kumlisha, sema sasa. Yuko mjusi mwingine wa Australia, pogona, mpole kweli, anakula mboga pamoja na wadudu na haombi udongo wa kina hivyo. Sharti la salmonela ni lilelile, lakini kazi ni nusu.

Kabla ya kununua, tafuteni daktari wa mifugo anayetibu reptilia. Wengi wa mbwa na paka watakuambia wazi kwamba hawawatibu. Chama cha madaktari wa reptilia na amfibia, ARAV, kina orodha ya wanachama wake kwenye tovuti. Mnyama akifika, mpelekeni ndani ya wiki mbili za mwanzo pamoja na kinyesi kibichi kwenye kikopo safi, kikapimwe minyoo na vimelea vingine. Baada ya hapo, msisubiri maoni ya mtandaoni mkiona anapumua mdomo wazi huku ute ukitoka, vidole au taya vimevimba, anatetemeka, au jike amechimba siku kadhaa bila kutaga kisha akalegea. Hayo ni ya kuonwa siku hiyohiyo. Akigoma kula wiki moja lakini anaota jua na kutembea kama kawaida, pimeni kwanza joto la jiwe lake na umri wa taa yake, kisha mpigieni daktari mkiwa na namba hizo mkononi.